Mbwa Mwongozi, na Karani Aliyepofuka

Wanachama kadha wametuuliza habari za mbwa waongozao vipofu. Twaona yafaa kuzieleza, kwa kuwa ndani yake mna jambo litupasalo sisi makarani, ambao riziki yetu i katika macho.

Mafunzo ya mbwa hao yalianza Ujerumani mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, kwa ajili ya askari waliopofushwa vitani. Mwaka 1927 Bibi Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akifunza mbwa huko Uswisi, aliandika habari zao katika gazeti la kwao. Kijana mmoja kipofu wa Nashville, Morris Frank, aliposomewa makala hiyo alimwandikia barua, akasafiri mpaka Uswisi, na mwaka 1928 akarejea na mbwa wake, Buddy. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chuo kiitwacho The Seeing Eye, nacho kingaliko hata leo. Waingereza nao walitoa mbwa wao wanne wa kwanza mwaka 1931, huko Wallasey.

Watu wengi hudhani ya kuwa mbwa ndiye ajuaye njia. Sivyo. Njia aijua mtu. Yeye ndiye asemaye mbele, kulia, kushoto, na kazi ya mbwa ni kumwepusha na shimo, nguzo na gari. Wala mbwa hasomi rangi za taa za barabarani: mtu husikiliza mwendo wa magari, kisha huamuru. Lakini akiamuru kuvuka na huku gari linakuja, mbwa hukataa, na kukataa huko amefundishwa makusudi. (Twazijua ofisi ambazo karani afanyaye hivyo angeandikiwa barua ya onyo.)

Lililotupendeza kupita yote ni ada. Chuo kile humtoza mtu dola 150 kwa mbwa wa kwanza, na dola 50 kwa kila mbwa amfuataye. Viwango hivyo havijapandishwa tangu miaka ya 1930. Gharama yenyewe yazidi hapo mara nyingi, nayo hulipwa kwa michango. Basi kwa nini kutoza? Ili apokeaye awe mnunuzi, asiwe mwombaji.

Wako wenzetu watakaosema mbwa haingii nyumbani mwa Mwislamu. Neno hilo si la kudharauliwa. Hata hivyo, mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu Mwislamu kipofu kuja na mbwa wake, akawekewa mahali pa kupumzika penye maingilio wakati bwana wake akisali.

Lakini hatusemi kila kipofu wa kwetu apewe mbwa. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu, na mbwa huyo ataka chakula na daktari wake. Fimbo nyeupe ni rahisi zaidi, ikiwa yuko mwalimu wa kumfundisha mtu kuitumia. Kadhalika maandishi ya Braille, na kompyuta isomayo barua kwa sauti. Karani mwenye vitu hivyo aweza kuendelea na kazi nyingi alizokuwa akizifanya.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, uliothibitishwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, wataka mtu apatwaye na ulemavu asaidiwe kubaki kazini. Na sisi je? Mfuko wetu wa kufarijiana hulipa sanda na jeneza, fimbo haulipi. Mwenzetu akipofuka twamchangia mara moja, twamsindikiza kwao, na meza yake yapewa mwingine kabla mwezi haujaisha.

Twawaomba makatibu wa matawi waweke jambo hili mbele ya mikutano yao: je, Mfuko ulipe fimbo na mafunzo ya mwanachama aliyepofuka, naye atoe sehemu ndogo kwa mkono wake? Tena watuarifu idadi ya wanachama ambao macho yao yanafifia. Majina yasiandikwe ila kwa idhini ya wenyewe, maana wako wanaoficha kwa kuogopa kuachishwa kazi. Majibu yatufikie kabla ya Mkutano Mkuu.