Afya Nyumbani: Tarehe ya Stenti Isisahauliwe
Jiwe litokalo katika mfuko wa nyongo huweza kuziba njia iendayo utumboni. Macho huwa ya manjano, mkojo hufanana na chai iliyokolea, na homa ya kutetemeka hufuata. Daktari hupitisha kinywani mpira wenye kamera ili alitoe. Jiwe likizidi milimita 15, pengine hukataa kutoka. Ndipo huwekwa kijimrija cha plastiki kiitwacho stenti, nyongo ipate kupita kando yake.

Lakini stenti ni daraja la muda. Kwa kawaida huondolewa au hubadilishwa katika muda wa miezi 3. Ikisahauliwa huziba, vijidudu huingia katika damu, na mgonjwa aweza kufa.

Askari ahamishwaye achukue cheti chake cha hospitali, na jamaa zake waikumbuke tarehe hiyo.