Uhalifu Kigoma: tuhesabu kwanza, ndipo tulaumu

Ujambazi ukitokea barabara ya Kasulu, au injini ya boti ikiporwa katika Ziwa Tanganyika, lawama huwaangukia upesi wakimbizi wa Burundi na Kongo wanaoishi kambini. Mjadala huu hautatulia mpaka wanaouendesha, yaani wanafunzi wa sheria na sosholojia, waandishi wa habari na madiwani, wajifunze misingi ya takwimu. Hesabu zenyewe si ngumu. Kinachotakiwa ni kujua kugawanya, na kujua unagawanya kwa namba ipi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani Kigoma. Ya 2022 ikahesabu 2,470,967, ongezeko la takriban asilimia 16. Tuseme makosa yaliyoripotiwa yameongezeka kwa asilimia 10 katika kipindi hichohicho. Magazeti yataandika kuwa uhalifu umepanda, ilhali hatari inayomkabili mkazi mmoja imepungua. Ndiyo maana watafiti wa jinai hutumia kiwango kwa kila watu 100,000. Katika kata ndogo tahadhari huzidi: mauaji mawili yakiwa manne mwaka unaofuata, hilo ni ongezeko la asilimia 100, lakini ugomvi wa usiku mmoja unatosha kuleta tofauti hiyo.

Kwa wakimbizi, makosa ya hesabu ni rahisi zaidi kufanyika, na madhara yake ni makubwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 maelfu ya Warundi waliingia kupitia kijiji cha Kagunga, meli ya MV Liemba ikiwabeba hadi Kigoma. Makosa ya kambini yakijumlishwa na ya mkoa, huku wakazi wa kambi wakiachwa nje ya idadi ya watu, kiwango kitavimba bila kosa hata moja kuongezeka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa. Akitoka bila kibali ametenda kosa ambalo mwenyeji hawezi kulitenda kamwe. Anayehesabu wageni waliomo mahabusu bila kuyatenga makosa ya aina hiyo na yale ya uhamiaji analinganisha visivyolingana. Tena, mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) liligharamia askari polisi wa ziada kwenye kambi za magharibi mwa Tanzania, na penye askari wengi makosa mengi huandikwa. Kuna umri pia: katika karibu kila nchi vijana wa kiume ndio hutenda makosa mengi, kwa hiyo kijana wa kambini alinganishwe na kijana wa Kasulu, si na kijiji kizima.

Wapo watakaosema kuwa mwanakijiji aliyevamiwa na wenye bunduki hahitaji asilimia. Silaha zilizovuka mpaka wakati wa vita vya Burundi na Kongo zilikuwa za kweli, na walioumizwa wanastahili haki. Lakini maumivu yao yanathibitisha kuwa tukio limetokea. Hayathibitishi kuwa matukio yanaongezeka, wala kuwa kundi zima linahusika. Tukikamata wasiohusika, mhalifu anabaki huru.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba daftari la polisi lina mapengo. Kweli linayo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, na mengi ya matukio hayo hayafiki polisi. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliliona tatizo hili tangu karne ya 19: makosa yanayojulikana ni sehemu tu ya yaliyotendwa. Hiyo ndiyo sababu ya kujifunza takwimu, si ya kuziacha, kwa kuwa pengo haliwezi kupimwa ila kwa kulinganisha daftari na majibu ya kaya zilizochaguliwa bila upendeleo.

Somo hili lianze mwaka wa kwanza chuoni, kwa mifano ya Kibondo na Ujiji. Na mhariri akiletewa habari kwamba uhalifu umepanda Kigoma, aulize: umepanda kutoka ngapi, na kati ya watu wangapi? Asipojibiwa, asiichapishe.