Mashine Inasema Tumelala

Mwenzetu mmoja hapa Nakivale alikuwa anangoja tangazo la ufadhili wa masomo tangu mwezi wa kwanza. Alijiandikisha kwenye kompyuta ya kituo cha vijana, akaweka anwani yake ya barua pepe, akapokea barua tatu, akazisoma zote. Halafu kimya. Akadhani mwaka huu hakuna nafasi. Mwezi wa saba ndipo akasikia kwa jirani kwamba maombi yalifunguliwa na yamekwisha kufungwa. Tulipomsindikiza kwenda kuuliza, mfanyakazi akaangalia kompyuta, akasema: "Mfumo ulimtoa. Hakuwa anafungua barua."

Hakuwa anafungua! Dada huyu mpaka leo anaweza kukuambia barua ya pili ilisema nini.

Basi tukakaa chini, tukatafuta. Tulichokikuta tunataka kiwafikie wote, vijana wenzetu na ninyi wafanyakazi wa mashirika.

Hizi programu za kutuma barua pepe kwa maelfu ya watu kwa mara moja zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya wafanyabiashara. Mfanyabiashara anataka kujua nani amefungua tangazo lake. Atajuaje? Ndani ya barua programu inaficha kapicha kadogo sana, ka nukta moja tu, huwezi kukaona kwa macho. Simu yako ikikapakua, mashine inaandika: huyu amefungua. Isipokapakua, inaandika: huyu hakufungua. Akili yake inaishia hapo.

Sasa sisi huku tunafanya nini? Tunazima picha. Uganda iliweka kodi ya asilimia 12 kwenye data ya intaneti Julai 2021, na hata bila hiyo kodi bando si kitu chepesi kwa mtu ambaye mgao wake wa chakula umepunguzwa. Kwa hiyo tunaingia kwenye mipangilio, tunaiambia simu isifungue picha bila kuuliza, tunasoma maneno. Maneno tumeyasoma. Kapicha hatukukapakua. Mashine inasema tumelala, na miezi ikipita inafuta majina yetu. Eti inasafisha orodha.

Na upande wa pili je? Tangu 2021 programu ya barua ya Apple ina kinga ya faragha. Mtu akiiwasha, picha zinapakuliwa zenyewe, awe amesoma barua au hajaigusa. Kwa hiyo mwenye iPhone aliyelala fofofo anahesabiwa msomaji mzuri, na dada yetu aliyesoma kwa taa ya sola saa nne usiku anahesabiwa hayupo. Halafu hesabu hiyo inaandikwa kwenye ripoti na kupelekwa kwa wafadhili: "Asilimia fulani ya vijana hawapendezwi." Jamani!

Tukija kwenye barua zenyewe, ni mateso mengine. Nembo juu, nembo chini, picha za watoto wanaocheka, rangi tele. Maneno ya tangazo hayafiki hata KB 10, lakini barua nzima na picha zake inakula MB mbili. Mara nyingine tangazo lote limeandikwa ndani ya picha, kwa hiyo aliyezima picha anaona ukurasa mweupe tu. Tena Gmail hukata barua ambayo maandishi na msimbo wake vinazidi KB 102. Sehemu ya chini inafichwa mpaka ubonyeze kuiona. Na tarehe ya mwisho ya kuomba mmeiweka wapi? Chini kabisa.

Tukitaka kusema "tupo, tunasoma", barua inatuambia: "Usijibu ujumbe huu." Mlango umefungwa kutoka ndani.

Tunajua mtakachojibu. Mtasema programu nyingi zinatoza pesa kwa idadi ya majina, kwa hiyo majina yasiyofanya kazi ni hasara. Mtasema Google tangu Februari 2024 inawataka watumaji wakubwa malalamiko yasifike 3 kwa kila barua 1,000. Ni kweli. Lakini malalamiko ni mtu kubonyeza kwamba barua ni takataka. Sisi hatukulalamika, tulizima picha tu. Na hasara ya jina moja kwenye programu yenu ni senti. Hasara ya jina hilo hilo huku ni mwaka mzima wa masomo.

Mtasema tena: "Ni mfumo, si sisi." Hapana, ndugu zetu. Mashine haikujiwekea sheria ya kufuta watu. Kuna mtu alikubali mpangilio huo, au aliukuta hivyo akaupita bila kuuliza. Anayeukubali anaweza kuukataa.

Tunachoomba si kikubwa. Tangazo la masomo, la kazi au la chakula litumwe kwa maneno matupu, bila picha, tarehe ya mwisho ikiwa mstari wa kwanza. Msihesabu kapicha; hesabuni majibu na viungo vilivyobonyezwa. Kabla ya kumfuta mtu, mwandikieni: "Bado unataka habari zetu? Jibu NDIYO." Na hilo jibu lifike kwa binadamu. Akinyamaza, mtumieni meseji ya simu, maana namba alizijaza kwenye fomu yenu. Na tangazo hilo hilo libandikwe ubaoni, kwa Kiswahili pia.

Nasi vijana tusikae tu. Barua ya kwanza ikija, bonyeza kiungo kimoja ndani yake hata kama hukihitaji, ili uonekane upo. Usiiweke kwenye takataka kwa sababu imekuchosha. Ukiona mwezi umepita kimya, usiseme "hakuna nafasi". Nenda kaulize, na ukipata tangazo lisome kwa sauti mbele ya wenzako.

Dada yetu anangoja mwaka mwingine. Ninyi mnaoshika kompyuta, fungueni leo orodha ya waliofutwa. Majina yetu yamo humo. Yarudisheni kabla maombi yanayofuata hayajafunguliwa.