Mkoko mzee, miguu mipya

Leo masuala ya mapenzi na viwalo tunayaweka kando, tunaingia uvunguni mwa gari. Ndiyo, uvunguni, na ovaroli juu.

Shemeji yangu wa Katoro ana Corolla ya miaka ya 90, mchomoko wa kupeleka watu Rwamgasa na Nyarugusu. Mbele anapanda dada yangu siku za gulio, nyuma wanabanana wachimbaji na sururu zao. Wiki iliyopita alikuja nayo hapa Shinyanga. Akifunga breki inazamisha pua, akikata kona inalala kama mlevi. Dawa aliyokuja nayo kichwani ni moja: spesa.

Jamani, spesa ni raizoni tu! Inaipandisha gari juu, mawe hayagusi uvungu, washikaji wanakusifia. Lakini shokapu iliyokufa inabaki maiti vilevile. Tena ukizidisha unene, ekseli za mbele zinakaa mshazari na mipira ya breki inavutika. Gari ndefu yenye shokapu mbovu ikibeba watu saba, sipandi, na dada yangu hapandi.

Elewa hivi. Springi inabeba uzito, shokapu inazuia springi isiendelee kurukaruka. Ndani mna oili inayopenya kwenye vitundu vidogo; oili ikivuja, tairi linaruka hewani badala ya kushika barabara, na tairi lililo hewani halina breki. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu uiachie. Ikipanda na kutulia, poa. Ikinesa kama kitanda cha gesti, imekwisha.

Ya shemeji ilinesa pande zote nne.

"Shemeji, nibadilishe hii moja inayovuja," akaniambia. "Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Hapo ndipo palipouma, maana ada ya mtoto si mchezo. Lakini upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini, gari inavuta ukifunga breki. Nikamkopesha nusu, tukanunua jozi ya mbele, mpya. Za mtumba tuliziacha dukani, nani anajua zimebakiza maisha gani?

Kazi tuliifanya uani na fundi wa mtaani. Udongo wetu mweusi wa mbuga unameza jeki, kwa hiyo tuliweka ubao mnene chini, kisha stendi za chuma. Tofali likipasuka hupati muda wa kutoka. Miguu ya Corolla hiyo ni ya mtindo wa Mmarekani Earle MacPherson, ule ambao Ford Consul ya Uingereza iliuvaa tangu 1950: springi imeizunguka shokapu, nati moja juu imezuia kila kitu. Hiyo nati, masela, haiguswi mpaka springi ibanwe na kibano chake. Kuna wanaofunga kwa waya. Waya ukikatika, springi inakuondoka na taya.

Tulibadilisha na mipira ya juu na bushi za mikono. Fundi alitaka kukaza boliti za bushi gari ikiwa bado hewani, nikamwomba aishushe kwanza isimame kwa matairi yake. Ukikaza hewani, mpira unajisokota gari ikishuka, na haumalizi safari nyingi unachanika. Asubuhi tukaipeleka kupimwa alaimenti, kwa sababu zile boliti mbili za chini ukishazifungua, tairi limeshahama mstari wake.

Shemeji amerudi Katoro, pua ya gari imetulia. Spesa hakuweka, ingawa alinuna mpaka Tinde. Za nyuma bado ni zile zile, tumekubaliana mwisho wa mwezi. Mpaka hapo wachimbaji wapunguzwe kiti cha nyuma, na dada nimemwambia akiona wamezidi ashuke, nauli ya basi nitamtumia mimi.