Simu ya zamani ya kibodi: tazama betri kwanza

Wazazi, kama kwenye droo imelala Nokia N900, msiitupe. Simu hii ilitoka mwishoni mwa mwaka 2009. Ukisukuma kioo chake kinateleza, na chini yake inatokea kibodi yenye vitufe halisi. Ilikuja na Maemo, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha nchini Finland mwaka 1991. Nokia yenyewe iliachana nao zamani, lakini wapenzi wa Linux hawakuachana na simu. Leo mtu anaweza kuweka postmarketOS au Maemo Leste kwenye kadi ya memori na kuiwasha kutoka humo, mfumo wa awali ukibaki salama.

Kijana wa sekondari anapata mahali pa kujifunza kuandika amri na programu fupi, na kukosea bila kuharibu laptop ya baba. RAM ni MB 256 tu, hivyo tovuti za siku hizi zitaikwamisha.

Kabla ya yote hayo, fungua mfuniko wa nyuma. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa haitumiki. Iweke juu ya meza tambarare uizungushe. Ikizunguka kama pia, imevimba. Usiichaji, usiitoboe, usiiminye ili mfuniko ufunge, na usiichome pamoja na takataka, maana inaweza kulipuka na moshi wake ni sumu. Iweke mbali na watoto, kisha muulize fundi simu anakopeleka betri mbovu. Mbadala ni BL-5J, aina ileile iliyotumika kwenye Lumia 520. Kuchaji kufanyike mchana, mtu akiwepo, si chini ya mto. Waya nao uchomolewe taratibu, kwani tundu la chaja la N900 linajulikana kwa kung'oka.

Jambo moja lisifanyike: kuigeuza kuwa simu ya nyumbani ya bibi au ya dada wa kazi. Kwenye mifumo hii mipya, kupiga simu si kitu cha kutegemea. Mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku, au mjamzito akianza kutokwa damu, simu inatakiwa iite mara ya kwanza. Kazi hiyo ipewe kitochi chenye chaji na salio, namba ya dereva bajaji na ya zahanati zikiwa zimehifadhiwa juu kabisa.