Kofia ya Chuma ya Uhud na Binti wa Kiogoro



Wiki hii nimeletewa barua itokayo Kiogoro, kule Kisii. Mwandishi wake ni mama mzaliwa wa pwani ambaye ndoa ilimpeleka bara, na jarida letu hili humfikia kwa mikono ya jamaa zake. Ana binti wa miaka 12 achezaye softiboli shuleni, ule mchezo wa gongo na mpira unaofundishwa siku hizi katika elimu ya mwili. Siku moja mpira uliopigwa kwa gongo ulimgonga binti huyo juu ya jicho, naye hakuwa na kinga yoyote usoni. Aliketi kidogo, akanawa uso, akaambiwa hana neno, akarudi uwanjani.

Nyumbani alinyamaza. Siku ya pili yake, katika sala ya Magharibi, mama alimwona mwanawe akiinuka kutoka katika sijda kwa kushika ukuta. Alipomuuliza, mtoto akaangua kilio. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu jana, na mwangaza wa taa ukimchoma macho. Alificha kwa kuwa babake alikwisha kumwonya kwamba siku atakayoumia ndiyo itakuwa mwisho wake wa kucheza.

Alhamdulillahi, alipelekwa hospitali, akapumzishwa, na sasa ni mzima. Lakini nyumba imegawanyika. Baba ameshikilia kauli yake. Bibi mzaa baba asema lililoandikwa halina budi kuwa, basi kununua makofia na vizuizi vya uso ni kupoteza fedha na kupungukiwa na imani. Mama ananiuliza mambo matatu: Je, kinga ya uso yapingana na kumtegemea Mwenyezi Mungu? Je, yavalika pamoja na hijabu? Na je, amruhusu mwanawe arudi?

Naanza na la bibi, kwa heshima yake. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume wetu (s.a.w.) aliingia vitani amevaa kofia ya chuma kichwani na deraya mwilini. Ni nani aliyemtegemea Mola wake kuliko yeye? Na bado alijikinga. Mwaka wa 8, alipoingia Makka kwa ushindi, kofia ya chuma ilikuwa kichwani pake vilevile. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba kisha ategemee, alifundishwa kufunga kwanza, na kutegemea baada ya kufunga. Kwa hiyo, mama yetu, anayemvisha mjukuu wako kinga ya kichwa anafuata nyayo zinazojulikana. Kadari haijui mtu aliyevaa kofia na asiyevaa, lakini sisi tutaulizwa juu ya amana tuliyokabidhiwa.

Na amana hii ina hatari ya kweli. Jina la softiboli lina maana ya mpira laini, lakini mpira wenyewe si laini. Mchezo ulianzia Chicago mwaka wa 1887, ukachezwa ndani ya jumba kwa mpira mwororo. Ule wa leo una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzito unaokaribia gramu 190, na ni mgumu. Mrushaji wa kike husimama yapata mita 13 kutoka kwa mpigaji. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hukata mita 12 kwa muda usiofika nusu sekunde. Hata mtu mzima aliye macho hana nafasi kubwa ya kuinua mkono, sembuse mtoto.

Kwa hiyo mdakaji anayechutama nyuma ya mpigaji huvaa kofia na kizuizi cha uso. Katika shule za sekondari za Marekani, mpigaji wa softiboli naye analazimika kuvaa kofia yenye vyuma vya kukinga uso. Wanaosahauliwa ni wale wa uwanjani, hasa mrushaji na walinzi wa kituo cha kwanza na cha tatu, ambao husimama karibu na gongo bila kitu usoni. Shule yenye fedha kidogo na ianzie hapo: kofia za wapigaji na wakimbiaji, vazi la mdakaji, kisha vizuizi vya uso kwa hao watatu. Vifaa vichache vyaweza kupokezanwa, vikifutwa kila baada ya mtu. Kofia iliyopasuka itupwe, na iliyo kubwa kuliko kichwa isivaliwe. Nasi wenye uwezo tukumbuke kwamba sadaka si mikeka na tende peke yake.

Kuhusu hijabu, jibu ni jepesi. Kitambaa kiwe chepesi na chenye kushika kichwa, kisiwe na pini, wala fundo la nywele lisiwe kisogoni likaiinua kofia. Kofia huvaliwa juu yake, na kamba ikafungwa kidevuni. Shirikisho la mpira wa miguu duniani, FIFA, lililokuwa likikataza vitambaa vya kichwa kwa hoja ya usalama, liliviruhusu mwaka wa 2014, na lile la mpira wa kikapu likafuata mwaka wa 2017. Stara na usalama havina ugomvi. Na asiyeamini kuwa mwanamke wa Kiislamu anaweza kucheza, akumbuke kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume mwenyewe, na safari ya kwanza akamshinda.

Sasa natoka kwenye kinga na kuingia katika jambo lililonikosesha usingizi niliposoma barua hii. Turudi Uhud. Pamoja na kofia ile ya chuma, Mtume (s.a.w.) aliumia. Kofia ilivunjwa kichwani pake, jino likavunjika, na pete za chuma zikazama shavuni. Bibi Fatima (r.a.) alimwosha damu huku Sayyidna Ali akimiminia maji kwa ngao yake, na damu ilipozidi akachoma kipande cha mkeka, akabandika jivu lake juu ya jeraha. Kinga ilipunguza madhara, haikuyaondoa. Baada ya kinga yakahitajika macho ya kuona na mikono ya kutibu.

Ndivyo wasemavyo madaktari wa leo. Kizuizi cha uso huokoa jicho, jino na mfupa wa pua. Lakini ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai, na yai likitikiswa, ganda laweza kubaki zima na kiini kikavurugika. Mtoto aliyepigwa kichwani, awe amevaa kofia au hakuvaa, akiumwa kichwa, akizunguzika, akitapika, akichukia mwanga, akisahau mambo au akibadilika tabia, atolewe uwanjani siku hiyo hiyo na asirudishwe mpaka mganga aseme. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, mboni za macho zikitofautiana, au damu au majimaji yakitoka sikioni, akimbizwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Mwaka wa 2006, katika jimbo la Washington huko Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa katika mchezo wa mpira wa Kimarekani. Alipumzika kidogo, akarudishwa mchezoni, na baada ya mechi akaanguka. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo, na ikamchukua miaka kujifunza tena kusema na kutembea. Mwaka wa 2009 jimbo hilo likatunga sheria yenye jina lake: anayeshukiwa kuumia kichwa hutolewa, na harudi bila idhini ya mtaalamu wa afya. Majimbo mengine yakafuata.

Sisi tulikuwa na onyo la namna hiyo kabla ya karne nyingi. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani akiwa safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfika Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawabebesha wao kifo chake, na akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Kila mwalimu, mzazi au sheikh amwambiaye mtoto aliyepigwa kichwani "huna neno, endelea," na aitafakari hadithi hii. Na aumwaye kichwa akiinama, dini haikumlazimisha sijda kamili. Ataashiria kwa kichwa kadiri awezavyo.

Limebaki la baba. Ndugu yangu, najua ulichosema kilitoka katika mapenzi. Lakini hebu tazama kilichotendeka. Tishio lako halikuuzuia mpira kumfikia binti yako, lilimfunga kinywa. Usiku mzima na mchana mzima alibeba peke yake maumivu ambayo yangeweza kumwua, akiogopa hasira yako kuliko alivyouogopa mpira. Lau mama hakuwa macho katika safu ya sala, mimi leo ningekuwa naandika barua ya taazia.

Basi haya ndiyo maoni yangu. Mganga akikamilisha ruhusa yake, mtoto arudi kwanza darasani, kisha mazoezi mepesi, kisha mchezo, hatua kwa hatua, na kichwa kikiuma arudi nyuma hatua moja. Shule ikubali kumpa kofia na kizuizi cha uso, na ikishindwa, asicheze mpaka vipatikane. Nawe baba, kabla ya siku hiyo, mketishe ukampe ahadi mpya: akiumia akasema, hatagombezwa wala kunyang'anywa kitu kwa kusema kwake. Atapumzishwa, atatibiwa, na shauri litafanywa naye akisikilizwa.

Kofia yauzwa dukani. Ulimi wa mtoto usiomwogopa babake hauuzwi popote.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu akili zao na viungo vyao, na atujaalie kuwa watu ambao watoto huwakimbilia waumiapo. Amin. Wallahu aalam.