Gari-nyumba la nini? Safari ndefu na mtoto mchanga kwa bajeti ya Kitengela

Leo naweka kando lugha za programu nizungumzie jambo ambalo limenikera kwa muda. Tangu tupate mtoto, kila nikitaja safari, watu wa fani yangu hunipa ushauri mmoja tu: kodi gari-nyumba. Nazungumzia yale magari makubwa yenye kitanda, jiko, friji na choo ndani, ambayo Wazungu huzunguka nayo nchi baada ya nchi. YouTube imejaa video zake. Mtoto amelala nyuma, mama anapika, baba anaandika programu huku akitazama mlima.

Mimi naishi Kitengela. Nina mshahara wa kawaida wa mwanaprogramu, mke anayefanya kazi, binti wa miezi 5 na Toyota Noah iliyozeeka. Msimamo wangu ni kwamba gari-nyumba ni jibu la swali la mtu mwingine. Mzazi wa Kitengela akilisubiri, au akichukua mkopo wa simu ili alikodi, anatumia pesa mahali pasipo na tatizo na kuacha wazi mahali penye tatizo.

Hebu tulichambue kama tunavyochambua mfumo. Huko Ulaya na Marekani chumba cha hoteli ni ghali, na barabarani kuna maeneo mengi ya kuegesha yenye umeme, bomba la maji na mahali maalumu pa kumwaga uchafu wa choo. Gari-nyumba linategemea hivyo vyote. Sasa lilete katika barabara ya Namanga. Kuanzia Kitengela, Isinya, Kajiado, Bissil hadi Namanga, choo cha gari lako utakimwaga wapi? Umeme utauchomeka wapi usiku? Ni kama kununua programu inayohitaji seva, kisha unagundua kwamba seva yenyewe haipo. Na kile ambacho gari hilo limeundwa kukwepa, yaani chumba ghali, kwetu si tatizo kubwa. Kila mji niliotaja una nyumba za wageni za bei nafuu zenye kitanda, maji na lango linalofungwa.

Halafu kuna bei. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hiyo ni kanuni ya shirika la viwango, KS 1515:2000. Kwa hiyo yale magari-nyumba makuukuu ya miaka 20 ambayo vijana wa Ulaya hununua kwa bei ya kutupa, sisi hatuwezi kuyaleta na kuyasajili hapa. Likija jipya linakuja na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana hata kukodi ni ghali. Bei niliyopewa kwa siku 6 ilizidi kodi yetu ya nyumba ya miezi 2.

Basi tulifanyaje? Tuliamua safari iwe ndefu kwa siku, si kwa kilomita, na isitoke nje ya Kaunti ya Kajiado. Siku ya kwanza tulitoka Kitengela hadi Namanga, kama kilomita 135. Siku ya pili tulipumzika pale chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Mpaka hatukuuvuka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018 kimerahisisha mambo, lakini gari bado linahitaji bima ya Yellow Card, na mtoto naye anahitaji hati yake ya kusafiria. Siku ya tatu tulirudi hadi Isinya tukakata kwenda Kiserian. Siku ya nne tuliteremka Bonde la Ufa hadi Olorgesailie, siku ya tano tukafika Magadi asubuhi na kurudi Olorgesailie, na siku ya sita nyumbani. Jumla ni takriban kilomita 540.

Mnaona mwendo huo ulivyo mdogo? Sababu yake ni kwamba mwenye ratiba ni mtoto. Wataalamu wengi wa usalama wa watoto hushauri mtoto mchanga asikae katika kiti cha gari kwa zaidi ya saa 2 mfululizo, kwa sababu mkao ule wa kujikunja unaweza kumbana pumzi akilala. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: saa 2, kwa wastani wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa ukihesabu malori na matuta, ni kilomita 100 au 120. Hapo unasimama, unamtoa, ananyonya, anajinyoosha. Ukiweka vipande viwili kwa siku umefika kikomo. Na saa kumi jioni gari liwe limeegeshwa, maana barabara ya Namanga yenye malori usiku si mahali pa kumpeleka mtoto. Gari-nyumba halikuongezei hata kilomita moja katika hesabu hiyo.

Tulikotumia pesa ni kwenye kiti. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Tangu kanuni za Michuki zianze kutekelezwa Februari 2004, mkanda umekuwa jambo la kawaida kwa watu wazima, lakini mtoto bado anapakatwa kiti cha mbele. Fanya hesabu ya kidato cha pili. Binti yetu ana kilo 7. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde. Likisimama ghafla ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mikono ya mama inatakiwa kuzuia nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 150. Hakuna mama awezaye, hata ampende mtoto vipi. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kilichofungwa vizuri katika safu ya nyuma, kinaweza. Na katika magari-nyumba mengi, safu ya nyuma ni benchi la mbao kando ya meza. Ukikodi, uliza kwanza kama mle nyuma kuna mkanda unaoweza kushika kiti cha mtoto.

Jambo la pili watu wanaloniambia ni friji. Haya, tuhesabu tena. Friji ndogo ya gari inayotumia wati 45, ikifanya kazi nusu ya muda, inakula wati-saa 540 kwa siku. Betri ya gari ya volti 12 na Ah 60 ina wati-saa 720, na ukiivuta zaidi ya nusu unaiua. Maana yake gari likisimama siku nzima, friji hiyo huivuta betri zaidi ya nusu, nawe uko Olorgesailie. Unaweza kuongeza betri ya pili na paneli ya sola, lakini sisi tulijiuliza swali la mwanzo kabisa: friji ya nini? Mtoto wa chini ya miezi 6 anatakiwa kunyonya tu, bila uji wala maji. Chakula chake hakihitaji jiko, friji wala kuchemsha chupa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa 4 katika joto lisilozidi digrii 25, na Magadi ni moto kuliko hapo, kwa hiyo hatukukamua. Pesa za friji zikaenda kwenye chakula cha mama. Anayenyonyesha ndiye mtambo wa safari nzima, ale vizuri na anywe maji mengi.

Maji ndiyo yanayohitaji mpango. Tulibeba mitungi 2 ya lita 20 na kuijaza kila tulipopata bomba, kwa sababu kuanzia Kiserian kuteremka bondeni ni pakavu. Nepi za kitambaa tuliziacha nyumbani. Kuzifulia maji ya kununua ni ghali kuliko daipa. Daipa 7 kwa siku kwa siku 6 ni 42. Zilizotumika tulizifunga katika ndoo yenye kifuniko tukarudi nazo Kitengela. Kajiado ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, na plastiki ikitupwa kando ya barabara huishia tumboni mwa mnyama wa mtu.

Kwa upande wa tarakilishi na simu, tulihitaji vitu vichache mno. Kabla ya kutoka nilipakua ramani ya OpenStreetMap ndani ya simu kwa kutumia Organic Maps, ambayo hufanya kazi bila mtandao. Njia ya Magadi ina sehemu ambapo mtandao unakatika, na hapo ndipo unapotaka kujua zahanati iko wapi. OpenStreetMap huandikwa na watu wa kujitolea. Wakenya walionyesha uwezo wake mwaka 2009 mradi wa Map Kibera ulipoichora Kibera. Nami nilirekodi mabomba na maduka ya dawa tuliyoyaona nikayaongeza tuliporudi. Kitabu cha kliniki cha mtoto nacho nilikipiga picha kurasa zote, hata kama chenyewe kilikuwa ndani ya mkoba. Chanjo za wiki 14 zilikuwa zimekamilika, na chandarua chenye dawa kilikuwa juu ya mizigo.

Kuna wanaosema, lakini gari-nyumba linakupa uhuru wa kulala popote. Popote pa nani? Kajiado ya leo si uwanda usio na mwenyewe. Ardhi ya mashamba ya vikundi imegawanywa, hati zimetolewa na nyaya zimepita. Hata wanyama wa Mbuga ya Nairobi njia yao ya kuelekea uwanda wa Athi-Kapiti imebanwa, hadi mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Ukiegesha usiku kando ya barabara uko katika ardhi ya mtu, na ni haki akuulize umetoka wapi. Kwa hiyo hata ukiwa na kitanda chako utaomba ruhusa au utalipia lango.

Na tusijifanye kwamba kusafiri na mtoto mchanga kumeletwa na YouTube. Akina mama wa Kimaasai wa kaunti hii wamehama na watoto migongoni, punda wamebeba vyombo, kwa vizazi vingi, hasa ukame ukibisha. Nyumba hawakuiburura nyuma yao. Walibeba vichache, wakajenga walikofikia, na mwendo wao ulipimwa kwa maji yaliko. Pale Olorgesailie kwenyewe, Makumbusho ya Taifa yanaonyesha mashoka ya mawe ya watu walioishi bondeni humo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Leo pana vibanda rahisi vya kulala na uwanja wa kupiga hema. Mke wangu alimnyonyesha binti yetu kivulini akiyatazama mawe yale. Magadi tulikaa saa 2 tu kabla jua halijakomaa, na mtoto hakuachwa ndani ya gari hata dakika moja. Gari lililofungwa juani huongeza karibu digrii 10 ndani ya dakika 10.

Sasa hesabu ya mwisho. Noah yetu inakwenda kilomita 12 kwa lita: lita 45, kwa shilingi 185 ni 8,325. Gari-nyumba la kilomita 7 kwa lita lingekunywa lita 77, yaani shilingi 14,245 kabla hujalipa kukodi. Malazi ya usiku 5 yalikuwa shilingi 12,500. Chakula na kiingilio 6,000. Jumla haikufika 27,000.

Wengine, wakiwemo wazee wetu ninaowaheshimu, wanasema tungengoja mtoto akue. Hoja yao ina uzito kwa mtoto wa siku chache, na arobaini tuliitunza. Lakini tazama upande wa pili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi, baba wiki 2, na kila mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka. Baada ya hapo mama anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kupambana na foleni ya Mombasa Road, nami narudi kwenye tarakilishi. Binti yetu anamwona dada wa kazi kuliko anavyotuona sisi. Safari hii, kwa kuwa ilibeba wikendi, ilitugharimu siku 4 tu za likizo, na kwa siku 6 alikuwa na wazazi wote wawili kutwa nzima. Ningengoja hadi niweze kulipia gari-nyumba, angekuwa darasa la tatu.

Kwa hiyo ndugu msomaji mwenye mtoto mdogo na gari la kawaida, nunua kiti kwanza, kisha maji, kisha chandarua. Kitakachobaki weka mafuta. Mwezi Desemba tunafikiria Emali hadi Loitokitok. Atakuwa ameanza kula, na hesabu ya jiko itabidi niirudie upya. Mwenye kujua nyumba nzuri ya wageni pale Kimana anijulishe.